Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: msimu wa kwanza wa futiboli ya ndani, Marekani 1987

Kila nikiutaja mchezo huu kwa ndugu na marafiki, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja baada ya jingine, kwa sababu msimu ule wa 1987 naupenda kwa dhati na naona watu wengi wanaupita haraka mno.

Tunazungumzia mchezo gani hasa? Soka?

Hapana, si soka. Ni futiboli ya Kimarekani: mpira wenye umbo la yai, kofia ngumu, mabega yaliyojazwa sponji, watu wanakumbana. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kuusogeza yadi 10. Ikifaulu inapewa nafasi nne nyingine, ikishindwa inaupoteza. Ukiufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani umefunga tachidauni, pointi 6.

Futiboli ya ndani ni mchezo huo huo ukichezewa ukumbini, mle ambamo majira ya baridi huchezwa hoki ya barafuni. Kwa nje kila timu ina wachezaji 11, ndani ni 8. Ligi ya kwanza ya kulipwa ya aina hii iliitwa Arena Football League, nayo ilicheza msimu wake wa kwanza mwaka 1987.

Nani alilileta wazo hili?

Jim Foster. Tarehe 11 Februari 1981 alikuwa Madison Square Garden, New York, akitazama mechi ya nyota wa ligi ya soka ya ndani. Wakati huo alikuwa akifanya kazi upande wa matangazo na biashara wa NFL, ligi kubwa ya futiboli. Alipoona soka imeingia ukumbini na watu wanashangilia, akajiuliza kwa nini futiboli isiingie pia. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi. Akaigeuza na kuanza kuchora uwanja palepale kwenye kiti, akiandika vipimo na kanuni huku mechi ikiendelea.

Bahasha hiyo wengi huisimulia kama kichekesho. Mimi naiona tofauti. Mtu huyu alikuwa ameshaijua biashara ya futiboli kwa ndani, na alichochora kilikuwa jibu la swali gumu: mchezo uliozoea uwanja wa mita 110 utaingiaje kwenye ukumbi wa mita 61?

Kama wazo ni la 1981, kwa nini msimu ulianza 1987?

Kwa sababu ya ligi nyingine. Mwaka 1983 ilianza USFL, ligi ya futiboli ya nje iliyochezwa majira ya kuchipua, na Foster mwenyewe akaenda kufanya kazi huko. Wazo lake likabaki kabatini.

USFL iliishia vibaya. Iliishtaki NFL kwa kuhodhi soko, na Julai 1986 baraza la wazee wa mahakama likakubali kwamba kweli NFL imevunja sheria, kisha likaamua fidia ya dola 1. Kisheria fidia ya kesi za namna hiyo huzidishwa mara tatu, kwa hiyo ikawa dola 3. Ligi iliyokuwa imepoteza mamilioni haikuweza kuendelea na dola tatu. Haikucheza tena.

Majira ya joto yakabaki bila futiboli, na mamia ya wachezaji na makocha wakabaki bila kazi. Kumbi nazo zilikuwa tupu, maana hoki na mpira wa kikapu huwa vimeshamaliza misimu yao kufikia Juni. Foster alikuwa na bahasha yake tayari.

Waliufanyia majaribio kwanza?

Ndiyo. Tarehe 26 Aprili 1986, katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, zilicheza timu mbili zilizoundwa kwa ajili ya siku hiyo tu: Rockford Metros na Chicago Politicians. Metros walishinda 30 kwa 18. Februari 1987 ikafuata mechi nyingine ya maonyesho pale Rosemont Horizon, pembeni mwa Chicago, safari hii kwa ajili ya watu wa televisheni na wenye fedha. Walipoona mchezo unachezeka na unatazamika, ligi ikatangazwa.

Uwanja uliingiaje ukumbini?

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Uwanja wa hoki ya barafuni wa Marekani una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Uwanja wa futiboli ya nje una yadi 100 za kuchezea, na kila mwisho una eneo la kufungia la yadi 10. Upana wake ni futi 160. Hauingii hata ukiusukuma kwa bega.

Foster akaukata katikati: yadi 50 za kuchezea, sawa na futi 150. Kila mwisho akaweka eneo la kufungia la yadi 8, sawa na futi 24. Jumlisha: 150, na 24, na 24. Unapata 198. Ukumbi una futi 200. Inabaki futi moja tu kila upande kabla ya kugonga ukuta. Upana akauchukua wote wa futi 85, ukuta mpaka ukuta.

Maana yake ni kwamba hakuna mahali pa kutokea. Kwa nje, mchezaji akizidiwa anakanyaga mstari wa pembeni na filimbi inalia. Ndani, mstari wa pembeni ni ule ukuta wa mbao wa hoki, umefunikwa sponji. Unakimbia, unabanwa, unagonga ukuta kwa bega, na mara nyingine unapinduka na kuangukia kwa watazamaji.

Na wachezaji 8 badala ya 11? Ni hesabu ile ile. Eneo limepungua sana, kwa hiyo watu nao wakapunguzwa ili nafasi ya kukimbia ibaki. Anayefuata raga ya wachezaji saba atalielewa jambo hili haraka, ingawa huko walipunguza watu na kuuacha uwanja ulivyo, ndiyo maana pengo ni kubwa na mbio ni ndefu. Foster alipunguza vyote viwili, na matokeo yake ni mchezo wa hatua fupi na maamuzi ya haraka.

Zile nyavu kubwa nyuma ya nguzo ni za nini?

Kwanza nguzo zenyewe. Kwa nje, nguzo mbili za goli zina nafasi ya futi 18 na nusu kati yake, na mwamba uko futi 10 juu. Ndani, nafasi ni futi 9 tu na mwamba umepandishwa hadi futi 15. Kupiga mkwaju ukapita hapo ni kazi.

Kulia na kushoto kwa nguzo kunaning'inia nyavu, kila mmoja una upana wa futi 30 na urefu wa futi 32. Zimekazwa, hazilegei kama wavu wa soka. Mpira ukizigonga unarudi uwanjani, na ukirudi bado uko hai. Mpigaji akikosa mkwaju, mpira unagonga wavu, mlinzi anaudaka ukishuka na kukimbia nao kuelekea upande wa pili. Kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, akirusha ndefu kupita kiasi, ikagonga wavu na kurudi, yeyote anayeudaka kabla haujagusa chini ni wake.

Kwa hiyo kosa halimalizi mchezo, linaanzisha mchezo mwingine. Mwenzangu mmoja aliyezoea kutazama NFL alikaa nami akiona hili kwa mara ya kwanza. Mkwaju ulipokosa aliinua simu yake kusoma ujumbe, kama anavyofanya kila mara mkwaju ukikosa. Alipoinua kichwa, mtu alikuwa ameshakimbia uwanja mzima na kufunga.

Kanuni gani nyingine zilikuwa za kwao?

Hakuna kupiga mpira mbali kwa mguu ili kuukabidhi kwa wapinzani. Kwa nje, ukifika nafasi ya nne na umekwama, kawaida unaupiga mbali na kujipanga kulinda. Ndani ni marufuku. Nafasi ya nne ama ujaribu mkwaju wa goli, ama ucheze. Uwanja ni mfupi, kwa hiyo goli huwa halipo mbali.

Teke la kudundisha linalipa zaidi. Mpenzi wa raga kule Nairobi analijua: unaudondosha mpira, unadunda, unaupiga. Futiboli ya nje karibu imelisahau kabisa teke hili. Foster aliliamsha kwa kulipa pointi 4 badala ya 3 za mkwaju wa kawaida, na pointi 2 badala ya 1 kwa mkwaju wa nyongeza baada ya tachidauni.

Mpokeaji mmoja, yaani anayedaka pasi, anaruhusiwa kuanza kukimbia kwenda mbele kabla mpira haujaanza kuchezwa. Kwa nje ni kosa. Ndani, anafika mstarini akiwa tayari kwenye kasi, na mlinzi aliyesimama tuli ana shida.

Robo ni nne za dakika 15, lakini saa haisimami ovyo. Inakwenda mfululizo mpaka dakika ya mwisho ya kila nusu. Nadhani hili ndilo lililowasaidia zaidi wageni wa mchezo, kwani NFL inachosha kwa kusimama simama.

Timu zilikuwa ngapi?

Nne tu. Chicago Bruisers walicheza Rosemont Horizon. Denver Dynamite walikuwa McNichols Arena. Pittsburgh Gladiators walikuwa Civic Arena. Washington Commandos walichezea Capital Centre, ambayo kwa kweli iko Landover, Maryland, nje ya jiji.

Kila timu ilicheza mechi 6. Ukijumlisha zote unapata mechi 12, ukiongeza fainali ni 13. Msimu mzima ulichukua wiki sita na siku moja.

Mechi ya kwanza ilikuwaje?

Ijumaa, 19 Juni 1987, Civic Arena, Pittsburgh. Wenyeji Gladiators waliwashinda Washington Commandos 48 kwa 46. Watazamaji walikuwa 12,117.

Matokeo hayo yatazame vizuri. Pointi 94 kwa jumla na tofauti ya mbili, usiku wa kwanza kabisa wa ligi ambayo miezi michache kabla yake haikuwepo. Kwa futiboli ya nje, pointi 40 kwa timu zote mbili ni mechi ya kawaida kabisa. Aliyeingia ukumbini siku ile akidhani ataona maigizo alitoka akiwa ameona mechi ya kweli iliyoamuliwa mwishoni.

Wachezaji walikuwa nani?

Vijana waliomaliza vyuo na hawakuchaguliwa na NFL, wengine walioachwa na timu zao kambini, na waliobaki barazani USFL ilipokufa. Malipo yalikuwa ya mechi kwa mechi, hakuna aliyetajirika.

Wengi walicheza pande zote mbili. Timu yako ikiwa na mpira wewe ni mpokeaji, ukipotea wewe huyo huyo unakuwa mlinzi. Hutoki kwenda benchi kunywa maji. Walioepushwa ni kwotabeki, mpigaji mikwaju na wachache wenye kazi maalumu. Waliobaki waliitwa watu wa chuma, na jina lilistahili. Mchezaji bora wa msimu alikuwa mmoja wao, Russell Hairston wa Pittsburgh, mpokeaji na mlinzi wa nyuma kwa pamoja.

Ni kweli kocha alimpiga ngumi kamishna wa ligi?

Kweli. Kocha wa Pittsburgh, Joe Haering, alimpiga Jim Foster ngumi katikati ya mechi dhidi ya Chicago. Magazeti na televisheni za nchi nzima zilizokuwa hazina habari na ligi hii zikaitangaza usiku ule. Mimi husikitika kwamba wengi hilo ndilo jambo pekee wanalolikumbuka.

Ligi iliishaje? Nani alikuwa bingwa?

Denver na Pittsburgh walimaliza sawa, ushindi 4 na vipigo 2 kila mmoja. Chicago na Washington walishinda 2 na kupoteza 4. Hakukuwa na nusu fainali, wawili wa juu walikwenda moja kwa moja kwenye fainali iliyopewa jina la ArenaBowl.

Ilichezwa Jumamosi, 1 Agosti 1987, Civic Arena, mbele ya watu 13,232. Wenyeji walikuwa Pittsburgh, ukumbi ni wao, kelele ni zao. Denver wakawapiga 45 kwa 16. Mpokeaji wa Denver, Gary Mullen, alitajwa mchezaji bora wa mechi. Kocha wao alikuwa Tim Marcum, na huo ulikuwa ubingwa wake wa kwanza kati ya saba alioutwaa katika ligi hii, akiwa na Denver, Detroit na Tampa Bay.

Denver walitetea ubingwa wao mwaka uliofuata?

Hawakutetea, maana hawakucheza. Mwaka 1988 mabingwa wa kwanza hawakuwa na timu uwanjani kabisa, walirudi 1989. Washington pia hawakuwepo 1988. Badala yao ziliingia timu mpya nne, Detroit, Los Angeles, New York na New England, na Detroit Drive wakachukua ubingwa mara moja.

Hili linaonyesha ligi ilikuwa dhaifu kiasi gani nyuma ya pazia. Watu zaidi ya 13,000 kwenye fainali, na bado bingwa anashindwa kurudi.

Na Pittsburgh?

Walifika fainali tena 1989, wakafungwa tena. Mwaka 1991 timu ilihamia Florida, ikaitwa Tampa Bay Storm, na mwaka ule ule wa kuhama ikawa bingwa. Nawaonea huruma mashabiki wa Pittsburgh: ndio walioifungulia ligi mlango, na kombe likaenda kupatikana kwingine.

Kwa nini ligi nyingine za ndani hazina nyavu?

Kwa sababu Foster aliukatia mchezo wake hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Machi 1990 serikali ya Marekani ilimpa hataza namba 4,911,443, inayohusu namna ya kucheza na uwanja wenyewe pamoja na nyavu za kurudisha mpira. Ni nadra sana mchezo kulindwa hivyo. Ligi nyingine zilizozuka baadaye zilicheza ukumbini bila nyavu. Hataza iliisha 2007, lakini ligi nyingi zilikuwa zimeshazoea kucheza bila nyavu.

Kuna mchezaji maarufu aliyetokea huku?

Anayejulikana kuliko wote ni Kurt Warner. NFL ilimkata akiwa kijana, akawa akipanga bidhaa usiku kwenye rafu za supamaketi kwa dola 5.50 kwa saa. Kuanzia 1995 alikuwa kwotabeki wa Iowa Barnstormers, timu iliyoanzishwa na Jim Foster huyo huyo. Januari 2000 aliiongoza St. Louis Rams kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, na akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Warner mwenyewe amewahi kueleza kwamba mchezo wa ndani ulimfundisha kuamua haraka. Inaeleweka. Mwenye yadi 50 mbele yake na ukuta kila upande hana muda wa kufikiri mara mbili.

Kukaa karibu na ukuta kukoje?

Mara yangu ya kwanza ilikuwa miaka mingi baada ya 1987, katika mji mdogo tu. Kiti changu kilikuwa safu ya pili. Nilichokumbuka baadaye ni sauti: unasikia pumzi za wachezaji, unasikia kwotabeki akiita namba, na bega likigonga ukuta mtetemo unakufikia miguuni. Mpokeaji mmoja alipinduka akaangukia viti vitatu kutoka kwangu. Mama aliyekuwa pale alimshika mkono kumwinua, akamfuta bega, kijana akaruka ukuta na kurudi kazini. Na mpira ukiingia kwa watazamaji, ni desturi aliyeudaka anaondoka nao nyumbani.

Ligi bado ipo?

Ile yenyewe ya 1987, hapana. Ilicheza kila mwaka hadi 2008, ikafuta msimu wa 2009 na kufilisika, ikarudi 2010 chini ya wamiliki wapya, kisha ikafunga tena mwishoni mwa 2019. Mwaka 2024 jina lilifufuliwa na timu 16, ligi ikavurugika katikati ya msimu, na zilizobaki zikaunda ligi mpya iitwayo Arena Football One.

Ukumbi wa mechi ya kwanza naweza kuutembelea?

Umeshabomolewa. Civic Arena ilifunguliwa 1961, na paa lake la chuma lenye umbo la kuba liliweza kufunguka. Ilijengwa kwa kuvunja sehemu ya chini ya mtaa wa Hill, makazi ya Wamarekani weusi, ambako watu wapatao 8,000 walihamishwa. Ubomoaji ulianza 2011 na kumalizika 2012. Ukifika Pittsburgh, mwambie dereva akupeleke Lower Hill, kando tu ya katikati ya jiji. Ukumbi mpya wa hoki uko ng'ambo ya barabara, na eneo la ule wa zamani ndipo Gladiators na Commandos walipofungana 48 kwa 46.